BARUA YA WAZI KWA WABUNGE WA KANDA YA ZIWA: MSIUTUMIE UMASKINI WETU KUTETEA MAFUTA

Kwa: Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga

Nakala: Wizara ya Nishati, Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini

YAH: KAULI MBILI KUHUSU MAFUTA NA NISHATI SAFI

Waheshimiwa Wabunge,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua kwa wavuvi wa visiwani, nauza katika soko la Mwaloni Kirumba, na nina mtumbwi mmoja na vijana wanaoufanyia kazi. Naandika hadharani kwa sababu njia ya kimya imegonga mwamba. Mimi na wenzangu tulipeleka barua kwenye ofisi ya mwakilishi wetu mmoja, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na hatujapata jibu. Baadaye kwenye mkutano wa hadhara nilisimama nikauliza lilelile lililokuwa kwenye barua, kuhusu bomba la mafuta ghafi la kutoka Uganda hadi Tanga. Nikajibiwa, "Mama, hayo ya bomba ni mambo ya kitaifa, wewe uliza ya dagaa." Kipaza sauti kikapelekwa kwa mwingine.

Waheshimiwa, dagaa ni nishati tangu mwanzo hadi mwisho. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku, wanafuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi inalala ufukweni, kwa sababu taa haifui dafu mbele ya mwezi. Miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai, na karabai inakunywa mafuta ya taa. Mwaka 2011 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanayatumia kuchakachua dizeli. Sababu ilikuwa ya kweli, magari ya watu yalikuwa yanaharibika. Lakini aliyebeba mzigo ni mvuvi, ambaye hakuwa na kituo cha mafuta wala lori. Wengi sasa wamehamia taa za betri na sola, tena kwa fedha zao wenyewe, na injini ya kuwapeleka na kuwarudisha bado inataka petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ikitangaza bei kikomo, mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kunakuwa na ukimya, watu wanasikiliza. Kwa hiyo mtu akiniambia mafuta si habari yangu, hajui ninachouza.

Naomba nieleweke mapema. Siandiki kupinga kila tone la mafuta, na siandiki kwa niaba ya mtu yeyote wa nje. Ninacholalamikia ni kwamba kuhusu nishati mna kauli moja mkiwa Dodoma, nyingine mkiwa kwenye mikutano ya mazingira ya dunia, na nyingine mkija kwetu kuomba kura. Na katika zote mnatutaja sisi maskini kama sababu. Nayaeleza moja baada ya jingine.

1. Mafuta ya bomba hayaji kwetu

Kila anapotokea mtu wa nje kulipinga bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, jibu lenu la kwanza ni sisi. Mnasema wananchi wetu ni maskini, wanahitaji nishati, hawawezi kukaa gizani kwa kuwafurahisha watu wa mbali. Nimelisikia jibu hilo redioni na majukwaani. Basi tulitazame.

Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko kwenye ardhi yetu. Linaingilia Kagera, linapita Geita na Shinyanga, kisha Tabora, Singida, Dodoma na Manyara hadi Tanga. Yatakayopita humo ni mafuta ghafi, na yakifika baharini yatapakiwa melini yaende kuuzwa. Hisa zetu kupitia TPDC, shirika letu la taifa la mafuta, ni asilimia 15. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, UNOC ya Uganda asilimia 15, na CNOOC ya China asilimia 8. Hapa nchini hatusafishi mafuta ghafi tangu kiwanda cha TIPER cha Kigamboni kiache kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Maana yake, hata bomba likianza kazi, petroli ya mtumbwi wangu itaendelea kununuliwa nje, kushushwa bandarini na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,000 hadi Mwanza, na bei yetu itaendelea kuwa juu ya ile ya Dar es Salaam. Mafuta ghafi yatakuwa yanashuka kwenda pwani, na petroli inapanda kuja ziwani, na hayo mawili hayatakutana.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kwenye mikutano. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Kwa hiyo bomba litapashwa joto kwa umeme njia nzima, mafuta yakae kwenye nyuzi joto 50 hivi mpaka Tanga. Nimelifikiria sana hilo. Viko visiwa kwenye ziwa hili ambako mtu analipia dukani kuchaji simu. Mama akijifungua usiku, mkunga anamulikiwa kwa tochi. Lakini umeme wa kuyafanya mafuta ya kuuza nje yasigande, kilomita 1,443, umepangiwa tangu siku mradi unachorwa.

Sikatai kwamba mradi una faida. Kuna ajira za ujenzi, kuna kodi, kuna kiwanda cha Sojo kule Nzega kinachoandaa mabomba, kuna shughuli za bandari ya Tanga. Semeni hivyo basi. Semeni ni biashara ya nchi na tunategemea mapato, mtuambie ni kiasi gani na yatakwenda wapi. Biashara ni jambo halali. Lakini msiiite taa ya maskini.

Na maskini halisi wa mradi huu mnawajua. Upande wa Tanzania ni watu zaidi ya 9,000 waliopitiwa na mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba. Wako waliofanyiwa tathmini ya ardhi mwaka 2018, wakaambiwa wasipande tena mazao ya kudumu, wakakaa miaka na migomba isiyoruhusiwa kuongezwa wakisubiri fidia. Nisomeeni hotuba mliyoitoa kwa ajili yao wakati ule, kwa sauti ileile mnayoitumia kuwajibu wageni.

2. Ulaya nayo ina kauli mbili, na hilo halitusaidii

Najua mtasema hata wao ni wanafiki. Ni kweli, na nitasema zaidi yenu.

Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio dhidi ya bomba hili, likaitaka kampuni ya Kifaransa isubiri mwaka mmoja na kutafuta njia nyingine ya kulipitisha. Bunge hilohilo, miezi miwili tu nyuma, Julai 2022, lilikuwa limekataa kuzuia mpango wa kuuhesabu uwekezaji wa gesi na nyuklia kuwa wa kijani, kwa masharti. Mwaka huohuo gesi ya Urusi ilipopungua, Ujerumani ilirudisha kazini mitambo ya makaa ya mawe, na Kansela wake, Olaf Scholz, alikwenda Senegal mwezi Mei kuzungumzia gesi. Uingereza iliidhinisha uchimbaji wa mafuta katika eneo kubwa la Rosebank Septemba 2023. Marekani, ambayo ndiyo inayochimba mafuta mengi kuliko nchi yoyote duniani, iliidhinisha mradi wa mafuta wa Willow kule Alaska Machi 2023, chini ya Rais Biden, aliyekuwa ameahidi kwenye kampeni kwamba hakutakuwa na uchimbaji mpya kwenye ardhi ya umma. Na mkutano wa tabianchi wa dunia wa mwaka 2023 ulifanyika Dubai, mwenyekiti wake akiwa Sultan Al Jaber, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Abu Dhabi.

Mtu wa Ukerewe aliyenyimwa umeme miaka yote ana haki ya kukasirika akisikia nchi zilizotajirika kwa mafuta zikimwambia asubiri. Mimi pia nilikasirika. Lakini Waheshimiwa, hasira yangu haikuwa ya kukopesha. Mliichukua, mkaitumia kumjibu Mzungu, mkamaliza, mkarudi nyumbani, na kwangu hakuna kilichobadilika. Mbunge wa Ulaya anasema analilinda ziwa langu bila kuja kuniuliza. Ninyi mnasema mnaulinda mlo wangu bila kuja kuniuliza. Tofauti ni kwamba yule sikumpigia kura.

3. Mtungi wenye picha

Mei 2024 nchi yetu ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku chache baadaye Rais wetu alikuwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Nililipokea jambo hilo kwa moyo mweupe na bado naliunga mkono. Moshi unaua. Serikali yenyewe imetaja Watanzania zaidi ya 33,000 kila mwaka wanaokufa kwa sababu zinazohusiana na moshi wa kupikia. Wanaobanika sangara pale kwetu nawafahamu, nafahamu kikohozi chao cha asubuhi.

Sasa tazameni kilichotufikia. Zilikuja gari na mitungi ya kilo 6, mingine imebandikwa picha za viongozi. Akina mama wakapiga makofi, picha zikapigwa. Gesi ikaisha. Kuujaza mtungi ule kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo, na mama anayeuza dagaa kwa visado hana 20,000 ya mkupuo. Ana elfu moja ya leo, na elfu moja ya leo inanunua mkaa. Hakuna anayeuza gesi ya elfu moja kwenye mwalo wa kisiwani. Nimeingia nyumba ambazo mtungi umegeuzwa kigoda, picha ya mheshimiwa ikiwa bado inasomeka ubavuni.

Na wabanika samaki hamkuwagusa kabisa. Mlitoa agizo kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, na hilo ni jambo jema kwa shule na magereza. Lakini tanuri moja la kubanikia sangara linakula kuni kuliko jikoni kwa familia, linakula kila siku, na samaki wale wanakwenda mpaka Kongo, wanaingizia nchi fedha. Mtungi wa kilo 6 haubaniki samaki. Hakuna aliyekuja na tanuri jingine. Hakuna aliyekuja na mashine ya kukaushia dagaa kwa jua, ambayo ingetuokoa msimu wa mvua. Mvua ikinyesha dagaa wakiwa wameanikwa mchangani, wanageuka rangi na kutoa harufu, na mzigo uliokuwa chakula cha watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Hasara hiyo ndiyo umaskini mnaoutaja. Ina dawa, na dawa yake haitoki kwenye kisima cha mafuta.

Naongeza hili kwa heshima: gesi ya mitungi nayo inaletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake inapanda na kushuka na dunia. Mkisema "nishati safi" na kila mara mkamaanisha mtungi, semeni wazi kwamba mmetuhamisha kutoka kwenye mkaa wa Geita kwenda kwenye soko la dunia. Mwaka 2022 tuliona soko hilo linavyokuwa, mpaka serikali ikalazimika kuweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 mwezi Juni kupoza bei ya mafuta.

4. Mkoa mmoja, mambo matatu

Wabunge wa Shinyanga nawaomba mnisikilize zaidi hapa. Mkoa wenu unapitiwa na bomba la mafuta ghafi. Mkoa wenu umo kwenye bonde la Eyasi Wembere, ambako TPDC inatafuta mafuta na gesi kuanzia Arusha na Singida hadi Simiyu na Tabora. Na mkoa wenu, pale Kishapu, ndiko unakojengwa mradi wa umeme wa jua wa megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50, kwa mkopo wa shirika la maendeleo la Ufaransa. Yaani Ufaransa ileile ambayo kampuni yake inamiliki sehemu kubwa ya bomba ndiyo inayotukopesha kwa ajili ya jua, umbali wa safari ya gari kutoka mkuza wa bomba.

Mgeni akija kuzungumzia mazingira anapelekwa Kishapu. Mwekezaji wa mafuta akija anaonyeshwa ramani ya Eyasi Wembere. Mwananchi wa Meatu au Igunga anayelima mtama na kuchunga ng'ombe juu ya bonde hilo anaambiwa nini? Akiuliza kama baada ya miaka kumi nchi itakuwa inachimba mafuta au inaachana nayo, nani amjibu, na ajibiwe kwa kauli ipi kati ya hizo? Desemba 2023 kule Dubai dunia ilikubaliana kuanza kuachana na nishati ya kisukuku, na Tanzania ilikuwapo. Sisemi kwamba nchi maskini haiwezi kutafuta mafuta. Nasema kijiji kinachotobolewa ardhi kina haki ya kujua kama serikali yake inaamini bado yatakuwa na mnunuzi, na kama yasipokuwa na mnunuzi nani atafukia mashimo.

Umeme wa upepo wa Singida umezungumzwa miaka zaidi ya kumi. Nautaja tu, kwa sababu kila bajeti ya nishati huwa naungoja.

5. Siku mafuta yakimwagika

Hili ndilo linaloninyima usingizi, nanyi mnalipita haraka.

Mnatuambia bomba halipiti ndani ya ziwa. Ni kweli, halipiti majini. Lakini linapita mamia ya kilomita ndani ya bonde la ziwa, na linavuka mto Kagera, na Kagera ndiyo mto mkubwa kuliko yote inayoingia Victoria. Kinachoingia Kagera kinakuja kwetu. Ziwa hili ni maji ya kunywa ya jiji la Mwanza na ya Musoma, na ni dagaa, sangara na sato wa nchi tatu.

Mnasema teknolojia ni ya kisasa, kuna vifaa vya kugundua uvujaji na valvu za kufunga. Naamini vipo. Swali langu ni la baada ya kugundua. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama Ukara, karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wakiwa wanakiona kutoka nchi kavu. Walikufa watu 228. Usiku ulipoingia, uokoaji ulisitishwa mpaka asubuhi. Sisi tuliozika watu mwaka ule hatuwezi kuambiwa "kuna mpango wa dharura" tukaridhika. Tunataka kujua ni boti ngapi, ziko wapi, nani anaziendesha, vizuizi vya kuzuia mafuta yasisambae majini vimehifadhiwa kwenye ghala lipi, na mtu wa mwalo akiona utando juu ya maji saa nane usiku apige simu namba gani.

Pitieni pia daraja lolote la mto Mirongo hapa mjini baada ya mvua. Maji yanapita na rangi za mafuta machafu ya gereji, yanaingia ziwani mchana kweupe, katikati ya jiji, mbele ya ofisi za kila idara. Hayo hayahitaji teknolojia ya nje kuyazuia. Yakishindikana haya, nawezaje kuamini yale ya Kagera?

6. Mita 60 ni za nani

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Ni sheria nzuri. Vichanja vya kuanikia dagaa vinabomolewa kwa sheria hiyo, na kina mama wanaondoka na miti yao kichwani. Hatujaona ikitumika kwa ukali huohuo kwa wenye kuta na mageti. Ninyi mnaoishi kandokando ya ziwa hili mnajua nazungumzia nini.

7. Kuitwa kibaraka

Anayeuliza haya anaambiwa anatumiwa na mabeberu. Mimi sijawahi kupokea senti ya mtu wa nje isipokuwa ya mnunuzi wa dagaa kutoka Kongo. Tafadhali acheni neno hilo. Linawatisha vijana wanaotaka kuuliza, na halijibu swali.

Waheshimiwa, najua majibu mengine yatakayokuja. Mtasema mradi una tathmini ya mazingira, kurasa nyingi sana. Mwananchi wa Missenyi au wa kisiwa cha Kome hawezi kukaa na kurasa hizo za kitaalamu. Mwekeeni muhtasari wa Kiswahili wa sehemu inayomhusu. Mtasema umeme umeshapatikana, bwawa la Julius Nyerere linatoa megawati 2,115. Tumelifurahia, na mgao wa 2023 hatuutaki tena. Lakini megawati hizo ziko Rufiji, na kati ya Rufiji na kisiwa kuna nguzo, nyaya, transfoma na fedha za kuunganishwa. Pale visiwa vilipopata mitambo midogo ya sola ya watu binafsi, lilitoka agizo kwamba waiuze uniti kwa shilingi 100 kama TANESCO. Sote tulishangilia bei. Kisha hamkusema nani atafidia tofauti, na mwenye mtambo asiyerudisha fedha yake haongezi mtambo wa pili. Kisiwa cha jirani kikabaki na giza lake. Bei nafuu bila ruzuku iliyoandikwa kwenye bajeti ni ahadi ya jukwaani.

Na mtasema nchi haina fedha za kufanya yote mawili, mafuta na jua. Hilo ndilo ningependa kulisikia likisemwa kwa ukweli, kwa sababu likisemwa hivyo tutajadili kipi kianze. Sasa hivi tunaambiwa vyote vinafanyika, na kinachofika mwaloni ni mtungi.

Tunachoomba ni hiki.

Kila mmoja wenu aandike msimamo wake mmoja kuhusu bomba, kuhusu utafutaji wa mafuta wa Eyasi Wembere na kuhusu nishati jadidifu, na msimamo huo usomwe bungeni kama ulivyosomwa jimboni. Anayeunga mkono uchimbaji aseme anaunga mkono na sababu zake za fedha. Anayepinga aseme. Tutawaheshimu wote wawili.

Mpango wa dharura wa kumwagika kwa mafuta upande wa bonde la ziwa utolewe kwa Kiswahili, upelekwe kwa BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia uvuvi, za mialo yote, na zoezi la majaribio lifanyike mbele ya wavuvi kabla mafuta hayajaanza kupita. Wavuvi wafundishwe na walipwe kwa kazi hiyo, maana siku ya tukio wao ndio watakaofika kwanza na mitumbwi yao.

Gawio la asilimia 15 likianza kuingia, lisomwe hadharani kila mwaka, na sheria iseme sehemu yake iende kwenye nishati ya mikoa iliyopitiwa na ya visiwa: taa za sola za uvuvi kwa mkopo wa riba ndogo, matanuri yanayopunguza kuni, na makaushio ya dagaa kwenye mialo. Bomba likitetewa kwa jina letu, jina letu liwemo kwenye hesabu.

Kuhusu mitungi, toeni picha zenu. Fedha za kuchapisha picha hizo na kuisafirisha mitungi kwa misafara ziwekeni kwenye kumwezesha mama kujaza kidogo kidogo, kwa mita ya malipo ya kadiri. Teknolojia hiyo ipo, na inamfaa mwenye elfu moja ya leo.

Na fidia yoyote iliyobaki kwa waliopitiwa na mkuza, pamoja na malalamiko ya viwango, ifungwe kabla ya sherehe ya kufungua valvu.

Bunge lijalo la bajeti ya nishati tutalifuatilia kwa redio hapa mwaloni, kifungu kwa kifungu. Tunaomba majibu kwa maandishi, kwa Kiswahili, yaliyosainiwa, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya soko, Mwaloni Kirumba, watu wote wasome. Atakayependa kuja mwenyewe, tunaomba aje siku za giza, jioni kabla mitumbwi haijaingia majini, kwa sababu muda huo ndipo wavuvi, wabanikaji na wachuuzi tunapokuwa pamoja.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfanyabiashara wa dagaa,
Mwaloni Kirumba, Mwanza